Zambarau Iliyokaa Juu Tu

Kambini sheria ya sabuni ni moja, na hata asiyejua kusoma anaijua: nyeupe ni ya mwili, bluu ni ya nguo. Haikuwekwa kwa urembo. Mgonjwa wa ukoma anaweza kushika kaa la moto akaendelea kuzungumza, kwa sababu mkono wake umekufa ganzi. Sabuni ya nguo tunaitengeneza kali makusudi, ipate kufua bandeji zenye usaha. Mtu mwenye mwili mzima akijisugua nayo itamwasha, ataiosha haraka. Mgonjwa hatawashwa. Atajua kesho yake, akiona ngozi imebanduka.

Alama ya kuchonga haifai. Sabuni hukatwa vipande, huliwa na maji, na vidole visivyohisi haviwezi kutambua alama wala umbo. Rangi ndiyo inayokaa na sabuni mpaka kipande cha mwisho, ikiwa ni rangi ya kweli.

Mimi si mgonjwa. Mgonjwa ni mama yangu. Nilipomaliza darasa la nne nilitoka kwetu Idete nikaja Ifakara niwe karibu naye, na Sista, mtawa Mzungu anayetunza vidonda, akanipa kazi katika banda la sabuni lililo nje ya ua wa kambi. Nadhani alinichagua kwa sababu sisemi sana. Nikiulizwa jambo mbele ya watu koo hujifunga, nami huangalia vidole vya miguu yangu mpaka aliyeuliza achoke. Sabuni haimuulizi mtu kitu. Kwa muda wa mwaka mmoja nilijifunza, na mwisho Sista akawa anaingia bandani kutazama tu.

Sabuni yetu haichemshwi. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, huyeyushwa katika maji, ikaachwa ipoe. Mafuta ya nazi na shahamu ya ng'ombe huyeyushwa, nayo yakaachwa yapoe. Kisha huchanganywa na kukorogwa kwa mwiko mrefu mpaka uji uwe mzito, mwiko ukipita juu mstari wake ubaki. Hapo ndipo rangi hutiwa. Uji humiminwa katika kasha la mbao, kesho yake hukatwa kwa waya, na vipande hupangwa juu ya rafu mwezi mzima vikomae. Hakuna moto chini yake, lakini ndani ya kasha kostiki inaendelea kufanya kazi. Ukiweka kiganja ubavuni mwa kasha usiku ule wa kwanza utasikia joto kama la mtu mwenye homa.

Masika ya mwaka jana Sista alivuka mto kwenda upande wa Mahenge kusaidia wagonjwa wa huko. Alisema atakaa wiki sita, labda zaidi ikiwa maji yatajaa. Kabla ya kuondoka alimfungua mama bandeji mbele yangu. Mama alikuwa na kidonda chini ya unyayo kwa miaka mitatu. Kilikuwa kimepungua mpaka kikabaki kama punje ya hindi.

Sista akamwambia, "Mama, nikirudi nikakuta kimefunga, nitakuandikia barua ya kurudi nyumbani. Vidonge utavifuata hapa kila mwezi."

Mama aliushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kuku amshike asikimbie. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu wa mwisho, ambaye alimwacha akiwa hajaanza kutembea.

"Loweka mguu kila asubuhi katika maji na sabuni nyeupe," Sista alisema, "ndipo upake mafuta. Usiache hata siku moja."

"Sitaacha," mama akasema.

Wiki ile ile bluu iliisha. Ile bluu tunayotia katika sabuni ni ile ile ya kung'arisha mashuka, na huja kwa lori. Lori lilikuwa limezama katika tope huko Mkula, na dukani Ifakara hapakuwa na hata kipakiti. Sabuni ya nguo iliyobaki ilikuwa ya mwezi mmoja tu, na sabuni mpya inahitaji mwezi mmoja kukomaa. Ilinipasa nimimine kasha jipya la sabuni siku hiyo hiyo.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa barazani anasuka mkeka. Vidole vyake viwili havikunjuki, lakini ukindu anauweza.

"Tia rangi ya ukindu," alisema bila kuinua macho. "Ile ya zambarau. Ninayo karatasi nzima."

"Itakaa, mama?"

"Mkeka ule wa kitandani nyumbani niliutia zambarau kabla sijakuzaa. Umelaliwa, umekojolewa nanyi nyote, umefuliwa. Umewahi kuuona umechuja?"

Sikuwahi. Kwetu bondeni mwanamke hupima rangi kwa mkeka. Rangi iliyochemshwa na ukindu ikakaa, basi imekaa, hakuna la zaidi. Nilichukua ile karatasi ya unga, nikatia kijiko kizima katika uji wa sabuni. Zambarau ilitokea nzuri mno, nzito kama tunda lenyewe. Nilifunika kasha kwa gunia nikaenda kulala nimefurahi.

Asubuhi nilipofunua, rangi ya juu ilikuwapo. Nilipokata kwa waya, ndani ilikuwa imepauka. Katikati kabisa ya kasha, pale joto lilipokuwa kali, palikuwa na doa jeupe la upana wa kiganja.

Nilijiambia ni unyevu. Nikapanga vipande kwenye rafu. Kila siku nilipofungua banda niliviangalia kabla sijafungua dirisha, na kila siku vilikuwa vimepungua kidogo. Wiki ya kwanza vilikuwa rangi ya majivu. Wiki ya pili vilikuwa kama uji wa mchele uliotiwa sukari guru kidogo. Wiki ya nne nilichukua kipande kimoja cha rafu ile na kimoja cha rafu ya sabuni ya mwili, nikaviweka sambamba mlangoni kwenye mwanga. Mimi niliyevitengeneza nilijua kipi ni kipi. Mwingine asingejua.

Hapo ndipo ilipofaa niseme. Mvua ilikuwa inanyesha, Sista yuko ng'ambo ya mto, kivuko kimesimama. Lakini kambini alikuwapo babu, mgonjwa mzee anayegawa sabuni, na ningeweza kumwambia yeye. Angalau ningemwambia mama. Nilifikiria watu wakitoka barazani kunitazama. Nilifikiria wakisema, Sista alimwachia mtoto kazi. Na sabuni ya zamani ilikuwa imekwisha, bandeji zilikuwa zimelundikana kwenye karai, zinanuka.

Nikafanya hivi. Niliyeyusha rangi iliyobaki katika kikombe cha maji, nikachovya kitambaa, nikakipaka kila kipande kwa nje, pande zote sita. Vilikauka vikang'aa zambarau. Mikono yangu pia. Nilijiambia kwamba wakishaona zambarau siku ya kwanza watakumbuka, na watavitenga.

Jumamosi babu alikuja kugawa. Zamani alikuwa mvuvi wa mto Kilombero. Vidole vyake vimebaki vifupi, jicho moja lina ukungu, lakini mdomo wake haukuugua. Aliniita mke wake, kama babu wanavyowatania wajukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona mikono ya zambarau? Umekwenda kuolewa ng'ambo ya mto umeniacha?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Ni rangi mpya, babu. Bluu hakuna. Hii ndiyo ya nguo."

Alikichukua kipande akakileta karibu na jicho zima. Akakigeuza. Akakitia mate kwa kidole, akasugua, akatazama kidole. Nilificha mikono yangu nyuma.

"Ngozi yake hii," aliuliza, "au amevaa shuka?"

Nilitazama chini. Mama alikuwa wa nne katika foleni, ameegemea fimbo, anatabasamu.

"Haya, mwacheni," mwanamke mmoja akasema. "Mtoto anaona haya, na wewe unamzidi kwa maneno. Tugawie, mvua inakuja."

Babu akaguna, akagawa. Nyeupe moja, zambarau moja, kwa kila mtu. Alitangaza mwenyewe kwa sauti: "Zambarau ni ya nguo! Mwenye kuoga na zambarau asije kunililia!" Watu wakacheka tena, wakaenda.

Jumapili hakuna afuaye. Jumatatu mvua ilikatika, na wanawake walifua. Sikutoka bandani. Jumanne vile vile. Nilikuwa ninasikia nguo zikipigwa kwenye jiwe na watu wakiimba. Jumatano asubuhi nilikwenda kuchota maji, nikapita kwenye jiwe la kufulia. Juu yake palikuwa na vipande viwili vimesahauliwa, kimoja huku kimoja kule. Vyote vilikuwa vyeupe.

Niliviokota. Katika pembe za vyote viwili hapakuwa na hata mstari wa zambarau. Nilivigusa na ncha ya ulimi, ndivyo Sista alivyonifundisha kupima. Sabuni ya mwili iliyokomaa ina ladha ya mafuta tu. Cha kwanza kilikuwa hivyo. Cha pili kilinichoma kama kijinga cha moto, machozi yakanitoka.

Kisha nikakumbuka saa. Ilikuwa asubuhi, na kila asubuhi mama analoweka mguu.

Nilikimbia. Ndoo niliiacha pale. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kigoda, mguu ndani ya beseni, kanga ameikunja juu ya goti. Maji yalikuwa meupe kwa povu na kipande kilikuwa humo ndani.

"Mama, toa mguu."

"Bado. Ndiyo kwanza nimeuweka."

"Utoe, mama!"

Alishtuka, kwa kuwa hajawahi kunisikia nikipaza sauti. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono nikatoa kile kipande, nikakiweka ulimini mbele yake. Kilinichoma, nikakitema. Mkono wangu uliokuwa na mchubuko mdogo ulikuwa tayari unawaka.

"Hiki ulikitoa wapi?"

"Kwenye kibao, na kile kingine. Vimefanana. Nilidhani vyote viwili ni vya mwili, na kile cha zambarau watoto wa jirani wamekichukua." Akanitazama. "Kuna nini?"

"Tangu lini unatumia hiki?"

"Sijui. Jana. Jana tu, nadhani. Kuna nini, mwanangu?"

Niliutoa mguu wake kwa mikono yangu nikaumwagia maji safi ya mtungi, yote. Ngozi ya unyayo ilikuwa imevimba na kulainika, nyeupe kama ya maiti aliyetolewa mtoni, na pale palipokuwa na punje ya hindi ngozi mpya ilikuwa imefunguka. Nyama nyekundu ilionekana, upana wa sarafu ya senti kumi, ile kubwa yenye tundu. Mama aliinama akatazama. Hakuwa anahisi chochote. Alikuwa anatazama kama mtu anayetazama mguu wa mwingine.

"Kimefunguka," alisema.

Nikamwambia yote. Rangi iliyokufa ndani ya kasha, kikombe, kitambaa. Nilimaliza kwa kumwomba. "Waambie wewe, mama. Tafadhali. Wewe wanakusikiliza."

Aliishusha kanga ikafunika goti. Kisha akasema, "Rangi nilikupa mimi. Hilo nitalisema. Lakini kupaka sikukufundisha. Nenda ukagonge rimu, uwaambie upesi, watu wanaoga."

Katikati ya kambi kuna rimu ya gurudumu la lori inayoning'inia, hugongwa kuita watu. Niligonga kwa jiwe. Walitoka na mapovu mikononi, wengine wamejifunga taulo, babu mbele yao akiburuza miguu.

"Nani kafa?" aliuliza.

Nilitaka kutazama vidole vya miguu yangu, kama siku zote. Niliona vinywa vyao, na nyuma yao mama anachechemea kuja, mguu hauna bandeji, ameukanyaga tope. Huo mguu katika tope ndio ulionifungua koo.

"Acheni kuoga! Sabuni zimefanana. Ya nguo imekuwa nyeupe. Nilijua. Nilipaka rangi juu ili msijue. Leteni zote hapa, zote, hata vipande vidogo. Jimwagieni maji kwanza."

Mwanamke yule aliyenitetea Jumamosi akaja mpaka usoni kwangu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mtu ana vidole vitatu vimebaki, wewe unamficha? Ulitaka tubaki visiki?"

"Kuna watoto wanaooshwa na sabuni hiyo!" mwingine akapiga kelele, na tayari alikuwa anakimbia kurudi nyumbani kwake.

Babu ndiye aliyeinua mkono. Nilingoja mzaha wake, hata tusi. Hakutoa lolote.

"Kelele baadaye," alisema. "Leteni sabuni. Na maji. Kila mtu amtazame mwenzake mwili, maana mwenyewe hujijui. Tazameni migongoni na katikati ya vidole."

Walileta. Walizimwaga kwenye mkeka mbele yangu, rundo zima, na sikuweza kuzitenga kwa macho. Nikaanza kuzionja. Moja kwa ulimi, upande huu. Nyingine, upande ule. Kabla ya kufika nusu ulimi ulikuwa umetoka malengelenge, sikuweza tena kutofautisha kali na isiyo kali. Mama akakaa karibu yangu, akachukua kipande akaonja. Ulimi wake haukuwa na ganzi. Akamaliza rundo lililobaki, akitema kila mara pembeni, bila kusema nami neno.

Watu wanne walikutwa wamebanduka ngozi. Babu alikuwa mmoja wao, kiganja kizima, na alikuwa hajajua mpaka jirani yake alipomshika mkono akautazama. Mtoto mmoja alikuwa mwekundu shingoni, lakini yeye alikuwa mzima wa mwili, alilia mapema wakamwosha. Kidonda cha mama ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote.

Sista alirudi kivuko kilipoanza tena. Nilimngojea kwenye njia, nikamwambia kabla hajashuka kwenye gari. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimfungua mama bandeji, akapima kidonda kwa uzi kama alivyozoea, akaandika. Barua hakuiandika. Alisema labda baada ya masika mengine, na hilo "labda" alilisema taratibu sana.

Nilitaraji kufukuzwa. Badala yake siku ya tatu alikuja bandani na makopo matupu ya sigara, akayapanga juu ya meza. "Sasa utatafuta rangi ambayo tutaipata hata lori lisipofika," alisema. "Utatia kidogo kidogo, utangoja mwezi, utanionyesha ndani yake. Juu sitaki kuona."

Nilijaza makopo. Manjano ya kupikia ilipokutana na kostiki iligeuka nyekundu kama damu, nikaogopa. Baadaye ikawa ya dhahabu, na kwenye mwanga wa dirisha ikafa pole pole. Majani ya kijani yaligeuka kahawia siku ya pili. Maua mekundu ya uani kwa masista yaligeuka rangi ya majivu kabla sijaweka mwiko chini. Udongo mwekundu ulikaa kabisa, ndani na nje, lakini ukiweka wa kutosha kuonekana unaacha bandeji na rangi ya kutu, na ukipunguza unaonekana kama uchafu. Mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa ulikaa. Nguo ilitoa maji ya kijivu, kisha ikisuuzwa mara tatu ikatakata. Niliikata ile sabuni ya mkaa baada ya wiki moja, baada ya mbili, baada ya nne. Kila mara ilikuwa nyeusi mpaka katikati.

Nilimpelekea babu jua likiwa limekwisha tua, nikaweka vipande viwili kwenye kiganja chake kilichofungwa bandeji.

"Kipi cha nguo, babu?"

"Huyu mweusi. Hata kipofu angesikia weusi wake." Kisha akaongeza, "Umekuja peke yako kuuliza swali. Mke wangu ameota meno."

Sikucheka, naye hakungoja nicheke.

Tulianza kugawa sabuni nyeusi baada ya mavuno. Sasa ninagawa mimi na babu pamoja, na ninayetangaza ni mimi, kwa sababu Sista alisema iwe hivyo. Sauti yangu bado ndogo. Watu husogea karibu ili wasikie, na wengine huniuliza mara mbili, kwa makusudi nadhani.

Mama husimama katika foleni kama wengine, mguu umefungwa. Hanikasirikii. Hunipikia, hunisuka nywele, huniuliza habari za mdogo wangu nikitoka Idete. Lakini akipokea sabuni yake haendi nayo. Hukaa pembeni ya mlango, huomba kisu, huikata katikati, hutazama ndani ya kila nusu kwa muda mrefu, nyeusi na nyeupe vile vile. Ndipo huondoka. Mwanzoni niligeuza uso asione kwamba ninaona. Siku hizi sigeuzi. Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajafika, ninanoa kisu na kukiweka mlangoni, na wengine nao wameanza kukitumia.